Alhamisi kwa Matairi ya Kiangazi

Agincourt, Toronto
15 Septemba 2024

Shemeji Hyder, jabali la Moshi lililoanza kumomonyoka,

Salaam alaikum wewe na mkeo Khatija, na salamu kwa magoti yako, ambayo nasikia siku hizi yanaongea kuliko mwenye nayo. Sisi huku hatujambo. Naqiya mwanangu amepandishwa cheo ofisini, kwa hiyo anarudi nyumbani amechoka zaidi. Ndiyo faida ya cheo. Mjukuu wangu Rida anaelewa kila neno la Kiswahili ninalomwambia na hajibu hata moja. Nikimwita aje kula anakuja, anakula, anashukuru kwa Kiingereza. Tunaishi kama redio mbili chumba kimoja.

Barua hii anakuletea Moez wa duka la vitambaa, anakuja Moshi kwenye harusi ya mpwa wake. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yangu Naqiya huichungulia, anasema ananisaidia. Usicheke mwandiko. Kikachi cha wazee wetu tunakiongea wewe na mimi, kukiandika hakuna aliyetufundisha, na shule yangu unajua ilivyokatika, siku baba aliponitoa darasani nikamsaidie kuuza matairi.

Sasa sikia. Mkwe wangu Sibtain, yule mpole, mtu wa mahesabu, ambaye hata kupiga chafya ni kama anaomba ruhusa, amenunua gari la mbio. Jekundu. Limelala chini kama paka anayevizia panya. Ukiliwasha, jengo zima linajua. Yeye mwenyewe analiendesha kama amebeba mayai, kisha analirudisha kwenye maegesho ya chini ya jengo na kulifuta kwa kitambaa laini. Nimemwonea huruma. Gari, si yeye.

Langu waliliuza, wiki chache baada ya dada yako kututoka Februari. Wakasema limezeeka. Nikawapa ufunguo. Niliogopa nikianza kutetea kitu kilichozeeka nitaonekana najitetea mwenyewe.

Ufunguo wa hili jekundu unaning'inia jikoni, karibu na birika. Alhamisi wote wako kazini na Rida yuko shule. Basi Alhamisi nalitoa kidogo, lipate hewa. Usimwambie mtu. Mguu wangu wa kulia bado una akili, Hyder. Ni kichwa tu ndicho kimebaki nyuma.

Fidahussein wako, dereva


Moshi
9 Oktoba 2024

Shemeji Fida, mwizi wa magari wa uzeeni,

Alaikum salaam. Moez amefika salama na barua yako na kopo la peremende ambazo Khatija amezificha asinipe. Harusi ilikuwa nzuri, pilau ilikuwa na chumvi nyingi, bibi harusi alilia kwa wakati unaotakiwa. Mvua za vuli bado. Mlima unaonekana asubuhi, ndivyo wanavyoniambia, mimi siku hizi naamka mchana kama sultani.

Nimecheka habari ya gari mpaka Khatija akaja kutazama kama nimepaliwa. Umenikumbusha ule mwaka wa mashindano ya magari ya Pasaka, mimi nimeshika karatasi za njia magotini, wewe umeshika usukani kama unamkaba mtu. Nilikuwa nakusomea kona moja baada ya nyingine. Kulia kali. Daraja jembamba. Tope, usiguse breki. Na wewe hata siku moja hukunishukuru, ulikuwa unasema tu, "Soma."

Tulikuwa tunakwenda vizuri mwaka ule. Mpaka tulipofika Same, dada yangu Shahnaz amesimama pembeni ya barabara na chupa ya chai na sambusa kwenye kitambaa. Ukasimamisha gari. Katikati ya mashindano, Fida. Nikakupigia kelele, magari yanatupita, vumbi linatumeza, na wewe unauliza kama ameweka iliki. Tulifika Moshi wa mwisho. Miezi michache baadaye ukaja na wazee wako kumposa, na baba yangu akauliza kama wewe ndiye yule dereva aliyeshindwa.

Sijakusamehe bado. Kombe lile ningeliweka sebuleni.

Ila jambo moja. Gari linapata hewa kila Alhamisi, umesema. Hewa ya wapi? Mtu haendi hivihivi, na wewe hujawahi kuwa mtu wa kwenda hivihivi.

Hyder


Agincourt
10 Novemba 2024

Shemeji mpelelezi,

Salamu kwenu. Sisi wazima, mafua kidogo tu. Naqiya anasema nivae kofia ndani ya nyumba, nimemwambia nitavaa siku atakaponizika. Hakucheka. Msikitini majlisi za Alhamisi usiku zinaendelea, sadaka ya niyaz safari hii ilikuwa biriani ya watu wa Zanzibar, nimekula kwa niaba yako pia. Barua yako imechukua muda kufika, na mwandiko wako umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa chekechea, mistari inapanda mlima. Umeanza kunywa?

Umeuliza naenda wapi Alhamisi. Naenda kununua mkate.

Sasa nikupe kichekesho cha nchi hii. Huku matairi nayo yana nguo za majira. Kuna matairi ya kiangazi na matairi ya baridi. Ikifika mwezi huu watu wote wanapanga foleni gereji, wanavuliwa haya, wanavalishwa yale, na yaliyovuliwa yanatunzwa stoo mpaka majani yaote tena. Sibtain amepeleka gari lake la kazini. Lile jekundu halina nguo za baridi. Amelifunika turubai kule chini, akaniambia, kwa adabu zake zote, kwamba raba ya kiangazi ikikutana na baridi ya chini ya nyuzi saba inakuwa ngumu na haishiki barabara, hata kama ni kavu, hata kama hakuna theluji. Halitatoka mpaka Aprili.

Ananiambia mimi, Hyder. Mimi niliyekulia juu ya rundo la matairi. Wateja walitoka Arusha kuja dukani kwetu kwa sababu ya ukucha wangu, wewe shahidi. Nilikuwa nabonyeza raba kwa kidole gumba, nasikia kama ni changa au imekufa, na sikuwahi kukosea.

Basi jana alipokwenda kulala nikashuka na lifti. Nikainua turubai, nikabonyeza. Ukucha umezama kama kwenye jibini. Raba laini, mpya, meno yote yapo. Nikalifunika tena. Watoto hawa wameshinda wanasoma mambo, lakini hawajagusa kitu.

Alhamisi nitakwenda kununua mkate wangu.

Fida


Moshi
27 Novemba 2024

Fida,

Sisi hatujambo. Khatija anakusalimu. Mvua imenyesha hatimaye, na bati la stoo limevuja juu ya magazeti yangu, ambayo siyahitaji tena.

Mkate gani unaopatikana Alhamisi tu? Mimi nilikuwa msoma njia wako, siyo abiria. Unakwenda kwa Shahnaz. Kule kwetu pia tulikuwa tunakwenda makaburini Alhamisi jioni kabla ya majlisi, baba anatangulia na maji ya kunyunyizia. Ungesema tu. Naelewa kwa nini hukusema: ukisema, watataka kukusindikiza.

Naqiya amenitumia kwenye simu picha ya jiwe jipya la kaburi. Sikuitazama. Usimwambie.

Nina ombi, na sijakuomba kitu tangu Same. Sikuja kumzika dada yangu. Sasa najua sitakuja. Nataka uniandikie njia, kutoka mlangoni kwako mpaka miguuni kwake, kama nilivyokuwa nakusomea mimi. Kona kwa kona. Usiniletee mashairi. Nataka kujua wapi kushoto, wapi kilima, jiwe limekaaje, mkono ukiligusa linasema nini. Ukinipa hivyo nitakuwa nimekwenda.

Lakini kama mkweo amesema baridi ni mbaya kwa raba ile, subiri. Dada yangu hana haraka.

Hyder


Agincourt
22 Desemba 2024

Shemeji,

Salamu nyingi. Naqiya mzima, Rida mzima, Sibtain mzima kuliko gari lake.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma nikaiweka chini ya mto. Njia naijua, ningeweza kukuandikia kitandani. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba njia haiandikwi kwa kukumbuka, mvua ikinyesha mara moja kona si ile tena. Na jiwe lenyewe sikuwa nimeliona, maana tangu barua ile ya mkate mvua haikuniruhusu kutoka Alhamisi hata moja. Siku Naqiya na Sibtain walipokwenda kulitazama nilijitia mafua.

Basi Alhamisi nikalivua turubai. Jua kali, mbingu safi, hakuna theluji hata ya kujazia kikombe. Lami kavu kama mgongo wa mamba. Nikabonyeza raba tena kule chini, laini. Nikasema, Sibtain, hesabu zako ziweke ofisini.

Mtaa wa kwanza lilikwenda kama bwana harusi. Nikasimama kwenye mataa ya barabara ya Kennedy, nikakumbuka wewe unavyosema "kushoto wazi," taa ikawaka kijani, nikakata kushoto na kukanyaga mafuta kidogo, kwa ajili ya sauti tu. Hyder, nyuma ya gari ilipita mbele. Sijui nikuelezeje. Nilikuwa natazama njia ya kaskazini, mara nikawa natazama nilikotoka, mara kaskazini tena, na usukani mkononi ni kama sinia, unazunguka na hauhusiki na lolote. Kwenye tope la Usambara gari likiteleza lilikuwa linakwambia kwanza. Hili halikusema. Gurudumu la nyuma likagonga ukingo wa barabara na kila kitu kikanyamaza. Basi moja lilikuwa limesimama mbali kidogo, abiria wote wamenyanyua simu. Nikawapungia mkono.

Hakuna aliyeumia. Rimu imepinda. Usimwambie Khatija.

Nilimpigia Sibtain. Alikuja na gari lake la kazini, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni kabla hajalitazama lile jekundu hata mara moja. Kisha akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, lile lililo zima.

"Baba, bonyeza."

Nikabonyeza. Ukucha uligonga kama nimegonga sahani. Kumbe maegesho ya chini yana joto, Hyder. Wanayapasha kama sebule. Mimi nilikuwa nabonyeza raba iliyokaa nyumbani na blanketi, nikadhani najua itakavyokuwa nje. Sibtain akanifungulia mlango wa gari lake la kazini. Afadhali angenitukana.

Naqiya ndiye aliyesema. Kwanza kwa Kiingereza, maana akikasirika Kiswahili kinamkimbia. Nilikuwa naenda wapi, nani amenituma, ninajua nina umri gani. Nikamwambia naenda kwa mama yake, na kabla ya baridi nilikwenda kila Alhamisi. Akakaa chini kwenye kiti cha jikoni. Kiswahili kikarudi.

"Baba, ningekupeleka."

"Ungenipeleka, mwanangu. Lakini ungekuwa unanisubiri."

Hilo ndilo lililonitoka, na ndiyo kweli yote niliyonayo. Mtu akikusubiri unamaliza mapema. Mimi na Shahnaz hatujawahi kumaliza mapema, tulikuwa tunagombana mpaka chai inapoa.

Ufunguo haupo tena karibu na birika. Theluji imeanza jana. Sijui nitafikaje. Nisamehe, sijakuletea njia.

Fida


Moshi
19 Januari 2025

Kaka Fida,

Salaam alaikum. Ni mimi Khatija ninayeandika, Hyder amekaa hapa karibu nami na ananiambia maneno. Anasema: mwambie yule mzee kwamba nimefurahi hakufa, kwa sababu angezikwa karibu na Shahnaz na kumnyima usingizi. Anasema: mwambie amepitwa na gari analoliendesha mwenyewe, jambo ambalo hata Same halikutokea. Anasema atasubiri mpaka theluji iyeyuke, mwaka huu au ujao, hana pa kwenda.

Sasa amekwenda kuswali, naandika ya kwangu upesi.

Kaka, Hyder haoni. Presha ya macho, ilianza jicho la kushoto, na tangu mwezi wa nane yote mawili yamezimika, anabaki na mwanga tu kama wa dirishani. Barua zile mbili aliziandika mwenyewe, ameweka rula chini ya mstari na kuisogeza, akakataa nimsaidie. Za kwako nilikuwa namsomea mimi. Ulipoandika kwamba mwandiko unapanda mlima na kumwuliza kama amelewa, alicheka, kisha akaomba nimwachie chumba.

Picha ya jiwe hakuitazama kwa sababu hiyo. Hakutaka Naqiya ajue, wala wewe. Anasema utaacha kumtania, na mtu akishaacha kutaniwa na shemeji yake wamemhesabu maiti.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Usiache kumtania. Na kama kuna namna yoyote ya kufika pale, fika.

Khatija


Agincourt
21 Februari 2025

Hyder, mzee kipofu wa Moshi,

Ndiyo, ameniambia. Usimgombeze mkeo, amekuvumilia kuliko unavyostahili. Na usidhani nitakuhurumia. Hata ulipokuwa na macho ulisoma "kulia" mahali pa kushoto, tukaingia kwenye shamba la mkonge la watu, sikusahau.

Sisi wazima. Theluji ya juzi imefika kiunoni, Rida amejenga mtu wa theluji na kumvisha baraghashia yangu.

Barua ya Khatija nilimwonyesha Sibtain. Nilimsomea, maana mwandiko wa mkono unamshinda. Akainuka, akaenda chumbani, nikajua nimemchosha. Alhamisi akarudi kutoka kazini mchana, koti mwilini, ufunguo wa gari lake la kazini mkononi, lile lenye matairi ya baridi.

"Baba, wewe soma. Mimi nitaendesha."

Basi nikakaa kiti cha kulia, ambacho kwetu ni cha dereva na huku ni cha Hyder. Mwanzoni miguu yangu ilikuwa inakanyaga mkeka kutafuta breki. Sijui wewe uliwezaje miaka ile, kukaa hapo huna usukani, huna breki, una mdomo tu, na gari liko mikononi mwa mwendawazimu. Sasa nakushukuru. Chukua, hutasikia tena.

Nilisoma kwa sauti, Sibtain anafuata, na kila kona nimeandika kama nilivyosema. Mwambie Khatija asome polepole. Wewe fumba macho, ingawa ni kazi bure.

Toka getini, kulia. Theluji pande zote mbili, juu kuliko bega, ni kama kupita katikati ya magunia ya pamba. Mataa. Barabara ya Kennedy, kushoto wazi, taratibu, hapa ndipo palipomshinda bingwa mmoja. Nyoosha kaskazini. Maduka ya Wachina kulia, harufu ya vitunguu saumu inaingia hata vioo vikiwa vimefungwa, Shahnaz alikuwa akisema hapa njaa inampata. Daraja la reli, panda, shuka, gari halichezi hata kidogo, matairi ya baridi yananguruma chini kama mtu anayesema na meno yamefungwa. Mataa ya Steeles. Endelea. Mji unapungua, nyumba zinaachana mbali, upepo unapiga kutoka kushoto, shika usukani. Kushoto kali kwenye kibao cha kijani. Kilima kirefu, usiache mafuta. Mashamba, meupe yote, hakuna alama, hapa ndipo nilipoona faida ya kuwa na msoma njia. Punguza. Geti la chuma liko wazi. Kulia, polepole kabisa. Simama.

Sibtain alizima injini. Akageuka kitini kutazama upande wa pili, akatoa simu yake. Hakutazama saa hata mara moja, nilimchungulia. Nilikaa kule mpaka masikio yakakosa hisia.

Sasa kwa miguu. Kuna njia iliyosafishwa, fuata mpaka mti mwembamba usio na majani. Kushoto kwake. Theluji ngumu juu, laini chini, mguu unazama mpaka goti, goti lako litalalamika, lisikilize na uendelee. Jiwe halikusimama, limelala usawa wa ardhi, ndiyo desturi ya huku, ili mashine ya kukata majani ipite. Kwa hiyo utapiga magoti. Nilifagia theluji kwa mkono wa koti. Kisha nikavua glavu, nikafumba macho, nikalisoma kwa vidole nijue wewe utalisomaje. Ni baridi mpaka linauma. Laini kotekote, lakini herufi zimechimbwa ndani, ukucha unaingia. Jina lake linaanza upande wa kushoto. Chini yake jina la baba yenu. Chini ya hapo hakuna kitu, nafasi wameniwekea mimi.

Nimemwambia kaka yake amefika. Fatiha nimesoma ya kwangu, ya kwako bado, nakusubiri.

Shika bega langu, Hyder. Hapa panateleza.